Siku ya Marehemu ya Meksiko: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila mwaka, tarehe 1 na 2 Novemba, familia za Meksiko huwapokea marehemu wao. Huwapikia, huwawashia mishumaa, huwatandazia maua njiani, kisha huwaaga hadi mwaka mwingine. Siku hizo huitwa Día de Muertos, Siku ya Marehemu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na filamu ya Coco ya mwaka 2017 ikazifikisha sebuleni kwa watu wa kila bara. Siku hizi mafuvu yenye maua yanajulikana kila mahali. Sababu ya kuwapo kwa siku hizo inajulikana na wachache.

Sababu hiyo ni wajibu. Marehemu ana haki ya kutajwa kwa jina, kulishwa na kutengewa nafasi nyumbani kwake, na walio hai wana deni la kumtimizia haki hiyo. Kanuni zote zifuatazo zimetoka hapo. Zimeandikwa kwa msafiri anayekwenda Meksiko, kwa anayeishi Los Angeles au Chicago mlango kwa mlango na familia ya Kimeksiko, kwa mwalimu anayeifundisha darasani, na kwa yeyote anayetaka kuandaa hafla kwa jina la siku hii. Zisome kabla hujanunua rangi ya kujipaka usoni.

KUHUSU ASILI

1. Usiseme ni sherehe ya Waazteki iliyotufikia bila kubadilika.

Kabla ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan mwezi Agosti 1521, kalenda ya Waazteki ilikuwa na vipindi viwili vya ibada ya marehemu, kimoja cha wadogo na kingine cha wakubwa. Waliamini kwamba wafu wengi husafiri miaka minne, wakipita ngazi tisa, hadi Mictlan, nchi iliyotawaliwa na Mictlantecuhtli na mkewe Mictecacihuatl. Aliyekufa maji alikwenda kwa Tlaloc, mungu wa mvua. Aliyeuawa vitani na mwanamke aliyefia uzazini walikwenda kulisindikiza jua. Kilichoamua safari ni namna mtu alivyokufa, hata awe mwema au mwovu. Hayo ni kweli, na yafundishwe. Lakini vipindi vile viwili viliangukia karibu na mwezi Agosti, wala havikuwa na msalaba, wala mkate wa ngano, wala fuvu la sukari. Anayesema hakuna kilichobadilika anazifuta karne tano za watu walioishi, wakateseka na kubuni.

2. Usiseme pia kwamba ni ya Kanisa peke yake.

Novemba ililetwa na Wakatoliki. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikuwa imetulia tarehe 1 Novemba tangu karne ya 9, na karibu na mwaka 1000 abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, akaitenga tarehe 2 kuwaombea marehemu wote. Huko Hispania waumini walipeleka mikate, divai na mishumaa makaburini kwa ajili ya roho za toharani. Hata ufundi wa kufinyanga sukari kuwa sanamu ulivuka bahari kutoka Hispania, ambako ulikuwa umeletwa na Waarabu.

Ukitaka kuona mahali mikondo miwili ilipokutana, mtazame Diego Durán, mtawa Mdominiko aliyeandika miaka ya 1570. Aliwaona wenyeji wakitoa sadaka kwa ajili ya watoto siku ya Watakatifu Wote, na kwa ajili ya watu wazima siku ya pili yake, akashuku kwamba wameihamishia sikukuu yao ya kale ndani ya kalenda ya Kanisa. Wanahistoria hawajamaliza kubishana. Marehemu Elsa Malvido, aliyefanya kazi katika taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia, alishikilia kwamba mizizi mikuu ni ya Ulaya ya Zama za Kati, na wengine wanaipa nguvu mizizi ya wenyeji. Fundisha pande zote mbili. Mwanafunzi akitoka darasani akijua upande mmoja tu, umemdanganya.

3. Itaje karne ya 20.

Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, serikali na wasanii walitafuta alama za kuwaunganisha Wameksiko, nao wakaanza kuzitukuza mila za vijiji vya wenyeji. Desturi iliyokuwa imeshamiri zaidi katika baadhi ya majimbo ikaingia mashuleni, katika majumba ya makumbusho na kwenye matangazo ya utalii. Hilo haliishushi hadhi. Mila hukua mikononi mwa watu wenye shida na matumaini ya zama zao.

Lakini usilihesabu gwaride kubwa la Jiji la Meksiko kuwa mila ya kale. Lilianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond iitwayo Spectre, ya mwaka 2015, kubuni gwaride ambalo halikuwapo. Kiini cha siku hii ni meza ya nyumbani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga makaburi mengi na serikali kutangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, meza ziliandaliwa majumbani kama kawaida.

4. Usiiite Halloween ya Meksiko.

Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote, hivyo zinapakana kwenye kalenda. Zaidi ya hapo hazifanani. Katika Siku ya Marehemu hakuna anayetishwa. Anayekuja ni bibi, ni baba, ni mtoto aliyefariki kabla hajajua kutembea, na nyumba inamngoja kwa hamu.

5. Usizungumze kana kwamba Meksiko ni kijiji kimoja.

Wamaya wa Yucatán huita siku zao Hanal Pixán na huandaa chakula cha kuokwa shimoni. Katika eneo la Huasteca huitwa Xantolo, na wacheza ngoma huvaa vinyago. Wapurépecha wa Ziwa Pátzcuaro, jimbo la Michoacán, hukesha makaburini kisiwani Janitzio. Huaquechula, jimbo la Puebla, hujenga madhabahu ndefu za vitambaa vyeupe kwa waliofariki mwaka huo. Kabla hujasema "Wameksiko hufanya hivi", taja ni Wameksiko wa wapi.

KUHUSU MEZA YA SADAKA

6. Jifunze kila kitu kimewekwa kwa nini.

Meza hiyo huitwa ofrenda, na hakuna kinachowekwa ovyo. Maji ni ya kiu ya aliyetoka safari ndefu. Chumvi ni ya kutakasa. Mishumaa ni taa ya njia, na nyumba nyingi huwasha mmoja kwa kila marehemu. Wapo wanaoongeza mmoja kwa roho isiyo na wa kuikumbuka. Ua la cempasúchil, la rangi ya chungwa na harufu kali, hutawanywa kutoka mlangoni hadi mezani ili mgeni asipotee. Chetezoni hufukizwa copal, utomvu wa miti unaofanana na sandarusi ya pwani yetu. Juu hutundikwa papel picado, karatasi laini za rangi zilizokatwa nakshi kwa patasi, kazi inayosifika hasa katika mji wa San Salvador Huixcolotla, Puebla.

Chakula nacho kina mpango wake. Kuna pan de muerto, mkate wa mviringo uliopambwa kwa unga uliofinyangwa mfano wa mifupa. Kuna tamales za unga wa mahindi zilizopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, mchuzi mzito wa mole, na atole, uji wa mahindi. Zaidi ya yote, kuna kile ambacho marehemu huyu alikipenda: sigara zake, kahawa yake, bia yake. Ukitengeneza meza yenye vitu vyote vya dukani bila kimoja cha mtu fulani, umeandaa mapambo.

7. Fuata ratiba ya wenyeji.

Sehemu nyingi watoto hufika kwanza, usiku wa kuamkia tarehe 1, na watu wazima usiku wa kuamkia tarehe 2. Chakula cha watoto hakitiwi pilipili, na pembeni huwekwa maziwa, peremende na vitu vya kuchezea. Sehemu nyingine tarehe 28 Oktoba hutengwa kwa waliokufa kwa ajali au kwa kuuawa. Usimwambie mwenyeji kwamba amekosea tarehe kwa sababu ulisoma tofauti.

8. Usiguse wala usionje chochote kabla ya marehemu.

Wao ndio wageni wa kwanza. Huaminika kwamba hula harufu na utamu wa chakula, na ndiyo maana wazee husema kilichobaki hakina ladha. Siku zikiisha, chakula hugawiwa ndugu na majirani. Ukiletewa sahani, ipokee kwa mikono miwili, kwa sababu umehesabiwa kuwa mtu wa nyumba hiyo.

9. Usiweke picha ya mtu aliye hai. Usiweke picha ya aliyepotea bila ridhaa ya familia yake.

La kwanza kila mtoto wa Meksiko hufundishwa. La pili ni zito zaidi, na wageni wengi hawalijui. Kufikia mwaka 2022, orodha rasmi ya watu waliotoweka nchini Meksiko ilikuwa imepita majina 100,000. Mama zao hutembea nyikani na makoleo wakitafuta makaburi ya siri, na wengi wao hawakubali kuwawashia watoto wao mshumaa wa marehemu. Kwao, kuiweka picha mezani ni kukubali kifo ambacho hakuna aliyekithibitisha, na kuisamehe dola kazi ya kutafuta. Wapo waliochagua kuweka madhabahu za waliotoweka hadharani, katika viwanja vya miji, ili serikali izione. Uamuzi huo ni wa mama, na ni wake peke yake.

10. Usiende mikono mitupu.

Katika Huaquechula na katika miji ya jimbo la Morelos, kwenye nyumba iliyofiwa mwaka huo, mgeni hubeba mshumaa au maua. Huingia, husimama mbele ya madhabahu, hunyamaza au husali, huwapa pole wafiwa, kisha hukaribishwa chakula. Utaratibu huo usiufupishe kwa kupiga picha mlangoni na kuondoka.

KUHUSU MAKABURI

11. Omba ruhusa, au weka simu mfukoni.

Makaburi ya Janitzio na ya San Andrés Mixquic, kusini-mashariki mwa Jiji la Meksiko, hujaa watalii kuliko wenye marehemu. Mwanamke aliyekaa chini usiku wa baridi, amejifunga shali kando ya kaburi la mumewe, yuko katika mazungumzo yake. Kumulika uso wake kwa mwanga wa kamera ni kuingia chumbani kwake bila hodi. Kama hujui Kihispania cha kuomba ruhusa, basi ruhusa hujapewa.

12. Usipite juu ya makaburi, usikalie mawe yake, usilewe.

Utaona familia zikinywa, zikila, zikiwaalika wanamuziki wapige nyimbo alizopenda marehemu. Hizo ni haki zao kwa mtu wao. Wewe hukualikwa kwenye baa.

13. Ukifika Pomuch, nyamaza.

Katika mji huo wa Wamaya, jimbo la Campeche, miaka kadhaa baada ya mazishi familia huitoa mifupa ya ndugu yao na kuitia katika sanduku la mbao. Kila mwaka kabla ya Hanal Pixán huisafisha kwa brashi, mfupa mmoja baada ya mwingine, kisha huifunika kitambaa kipya kilichotariziwa. Usitoe sauti ya mshangao wala usizibe pua. Kazi hiyo ni kama ya kumwogesha mzazi mgonjwa: hufanywa na anayempenda, na mtu wa nje huitazama akiruhusiwa tu.

14. Usirudie kwamba Mmeksiko hucheka na kifo.

Maneno hayo yalienea sana baada ya Octavio Paz kuchapisha kitabu chake kuhusu nafsi ya Mmeksiko, El laberinto de la soledad, mwaka 1950, na tangu hapo yamekuwa njia rahisi ya kutoiona huzuni ya watu. Utani upo, ni kweli. Kila Novemba magazeti huchapa mashairi ya dhihaka yanayowasimulia wanasiasa na watu maarufu walio hai kana kwamba wameshazikwa. Lakini shabaha ya utani huo ni walio hai na kiburi chao. Mbele ya madhabahu ya mtoto hakuna anayecheka.

KUHUSU MAFUVU NA MAVAZI

15. Usijipake sura ya Catrina kabla hujamjua aliyemchora.

José Guadalupe Posada alizaliwa Aguascalientes mwaka 1852, akawa mchonga picha za magazeti ya bei rahisi yaliyonunuliwa na watu wa kawaida. Mwanamke wake wa mifupa mwenye kofia pana yenye manyoya alikuwa dhihaka: aliwalenga Wameksiko waliojifanya Wazungu na kuwaonea aibu wazazi wao wenyeji. Mwacha asili ni mtumwa, na Posada alitaka hilo lionekane usoni. Mwaka 1947 Diego Rivera alimpa mwanamke huyo mwili mzima na mavazi katika mchoro wake wa ukutani wa bustani ya Alameda, akamsimamisha kando ya Posada mwenyewe, na jina la Catrina likashika.

Posada hakuyaona hayo. Alikufa Januari 1913 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi la maskini. Miaka saba baadaye hakuna aliyejitokeza kuidai mifupa yake, ikatupwa katika shimo la pamoja. Mtu aliyeipa siku hii sura yake maarufu kuliko zote alikosa kile kinachodaiwa na siku hii. Ukijipaka sura ya Catrina, jua deni hilo, na ulitaje jina lake.

16. Usivae mauti ya wengine kama vazi la mashindano.

Ukialikwa na Wameksiko ujipambe pamoja nao, jipambe kwa furaha. Kuandaa shindano la "fuvu bora" ukumbini, pasipo marehemu hata mmoja anayetajwa, ni kuchukua ganda na kutupa kiini. Shada la maua kichwani si tatizo. Tatizo ni usiku mzima kupita bila mtu yeyote kukumbukwa.

KUHUSU BIASHARA

17. Usiifanye mali yako.

Mwezi Mei 2013 kampuni ya Disney iliomba nchini Marekani kusajili maneno "Día de los Muertos" kama alama ya biashara, kwa ajili ya filamu iliyokuwa ikitayarishwa. Wamarekani wenye asili ya Meksiko walipinga kwa ukali, na kampuni ikaliondoa ombi lake haraka. Mchoraji katuni Lalo Alcaraz, mmoja wa waliopinga kwa sauti kubwa, baadaye aliajiriwa kuwa mshauri wa filamu hiyohiyo, ambayo ndiyo Coco. Hilo liwe funzo kwa kila mwenye hoteli, mpishi na mwandaa hafla: waulize wenyewe kabla ya kutangaza, na uwalipe.

18. Nunua kwa mafundi.

Fuvu la sukari la Toluca, karatasi za Huixcolotla na maua ya wakulima ni riziki ya familia zinazojiandaa miezi mingi kwa siku chache za soko. Bidhaa ya kiwandani inayoiga kazi yao huwanyang'anya mlo na sifa kwa pamoja.

KUHUSU IMANI YAKO

19. Usiiite ushirikina, wala usiiite ibada ya shetani.

Kwa Mkatoliki wa Moshi, Kisumu au Bukavu, tarehe 2 Novemba ni Siku ya Marehemu Wote, yenye misa na kubariki makaburi. Kalenda ni ileile na imetoka chanzo kilekile cha Cluny. Kabla hujamhukumu Mmeksiko anayemwekea babu yake mkate, kumbuka mshumaa uliouacha juu ya kaburi la babu yako. Lakini pia usiigeuze kuwa tambiko la kwenu kwa jina lingine. Ina historia yake, na inastahili kusikilizwa kwa maneno yake.

20. Kama dini yako inakukataza, kataa kwa adabu na mapema.

Muislamu au Mlokole anaweza kushindwa kula kilichotolewa sadaka, au kusimama kwenye sala ya kuwaombea marehemu mbele ya picha. Hilo halina fedheha. Mwambie mwenyeji kabla ya siku, kwa upole, bila mahubiri. Unaweza kumsaidia kusafisha kaburi, kubeba maji au kukata karatasi. Unaweza kukaa ukasikiliza akikusimulia mamaye alikuwa mtu wa namna gani. Kukaa mezani ukikunja uso ni matusi. Kubaki nyumbani kwako ni heshima.

NENO LA MWISHO

21. Usiandae meza bila jina.

Shule, makumbusho na majumba ya utamaduni huniudhi zaidi hapa: meza nzuri, maua mengi, taa za rangi, na katikati picha ya fuvu lisilo la mtu. Hiyo siyo ofrenda. Kama unataka kuwafundisha watoto siku hii, mwambie kila mtoto amlete marehemu mmoja: jina lake kamili, kazi aliyofanya, chakula alichokipenda, jambo moja aliloliacha likiendelea. Mtoto asiyejua akawaulize wazazi, na wazazi wasiojua wakamuulize mzee wa ukoo kabla naye hajaondoka. Meza itakayotokana na kazi hiyo inaweza kukosa cempasúchil na copal, na bado Mmeksiko atakayeiona atajua mmemwelewa. Ikikosa majina, mwambie mwenye ukumbi azime taa na kuikunja.